Joto la Maziwa la Kesho

Kabla sijamsifu Anande, ni vizuri nijitaje mwenyewe, maana watu wa kijiji chetu cha Akheri hawatakawia kukuambia. Mimi ndiye katibu aliyeandika joto la maziwa la kesho.

Ilikuwa hivi. Kikundi chetu cha wafugaji kina tangi la kupozea maziwa, na mara tatu kwa siku katibu alitakiwa kuchungulia kipimajoto cha tangi na kuandika alichokiona kwenye kaunta buku. Katibu ni mimi, Ruth Nanyaro, mwalimu mstaafu. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, na mwandiko wangu haujapata mpinzani kata nzima. Basi kila nikichungulia naona nyuzi nne. Asubuhi nne, mchana nne, jioni nne. Mwezi wa kwanza nilichungulia kweli. Mwezi wa pili nilichungulia asubuhi peke yake. Mwezi wa tatu migomba ilikuwa inanisubiri, nikajiuliza, kama jibu ni lile lile, swali la nini? Jumapili baada ya ibada nikawa nakaa na kalamu yangu na kuandika nne za wiki nzima kwa mkupuo.

Jumatano moja akaja Bwana Hans, mwenye kiwanda kidogo cha jibini kule Kisongo. Kwa jina lile akina mama walikuwa wamesafisha viti na kununua soda wakimsubiri Mzungu. Akashuka Mchaga mfupi wa Machame, amevaa gambuti, akaomba chai ya rangi. Alikuwa anatafuta maziwa ya kununua kila siku, yote, masika na kiangazi, na sisi tulikuwa tunatafuta mtu wa namna hiyo tangu mnunuzi wa zamani alipotukimbia tukabaki kuwanywesha nguruwe maziwa ya ng'ombe. Hans akalisifu tangi. Akausifu mwandiko. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha akauliza leo ni siku gani.

"Jumatano," nikasema.

"Sasa Mwalimu," akaniuliza kwa upole kabisa, "hii nne ya Ijumaa jioni umeipimaje?"

Nilitazama soda.

Hans hakugomba. Angegomba ningepata pa kushikilia. Alisema atarudi baada ya siku thelathini, na siku hiyo anataka kuona joto la tangi limeandikwa na mashine, si na mkono wa mtu. Akiridhika, gari lake litakuja kila asubuhi. Asiporidhika, kuna vikundi vingine.

Wenzangu hawakunivua ukatibu. Walifanya jambo baya zaidi: walianza kuniuliza habari za kesho. Nikipita sokoni, "Mwalimu, kesho mvua itanyesha?" Nikitoka kanisani, "Mwalimu, mbuzi wangu atazaa lini?" Nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani nilikuwa siwezi kula. Watoto niliowachapa kwa kunakiliana sasa ni wazazi wa watoto, na walikuwa na haki ya kunicheka.

Ndipo nikavuka mfereji kwenda kwa Anande.

Anande aliolewa hapa miaka sita iliyopita na Elifuraha, jirani yangu, anayefundisha sekondari. Kwao ni Kilimanjaro ila amekulia mjini, Elerai, ambako baba yake alikuwa na duka la vipuri vya redio. Akasomea elektroniki, na kazi yake sasa ni kuwaandikia watu wa nchi za mbali programu za kompyuta, yeye akiwa nyumbani. Kijijini kazi hiyo haieleweki. Mtu anakaa barazani tangu asubuhi, kompyuta mapajani, miguu ndani ya beseni la maji, anatafuna muwa, na mwisho wa mwaka anajenga choo cha vigae. Mama mkwe wake aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kama ni halali.

Ana ugonjwa mmoja: hawezi kupita penye kitu kibovu. Siku moja spika ya kanisa ilianza kukoroma katikati ya mahubiri. Mchungaji akaendelea, nasi tukavumilia kama Wakristo. Anande akatoka kwenye benchi, akaenda mbele, akapiga magoti kando ya madhabahu. Wengine wakaanza kulia, wakidhani neno limemgusa. Kumbe anakaza waya. Mkoromo ukakoma, mchungaji akasema amina, na sadaka siku hiyo ikawa nzuri.

Akikasirika huongea na kompyuta kwa Kichaga. Kichaga chake cha hasira siwezi kukuandikia hapa, kwanza kwa sababu sikijui, na pili kwa sababu nimeshaelezwa maana yake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema aliponiona.

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia. Ijumaa jioni, nne."

Hakucheka. Ndiyo maana niliketi.

Ndani ya siku tatu alikuwa ameshatufungia kila kitu. Kompyuta ilikuwa kuukuu, shule ilikuwa imeitupa stoo. Vipimajoto vilikuwa vitatu, vidogo, kila kimoja kama punje ya harage: kimoja ndani ya maziwa, kimoja kwenye maji ya barafu yanayolizunguka tangi, kimoja nje. Vyote vitatu vilining'inia kwenye waya mmoja uliotoka kwenye tangi, ukapita chini ya ukingo wa bati, ukaingia ofisini. Mwisho wa waya kulikuwa na kidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB, adapta, kisichozidi kidole gumba.

"Waya mmoja kwa wote watatu?" nikauliza. "Hawatapigana?"

"Hawapigani, Mwalimu. Kila kimoja kina namba yake tangu kiwandani, haifanani na ya kingine duniani. Kompyuta inabisha hodi kwenye waya, wote wanaitikia kwamba wapo, halafu inawaita mmoja mmoja kwa namba na kila mmoja anataja joto lake."

"Kuita majina darasani," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

Akanieleza pia kwamba kompyuta na adapta haziongei lugha moja. Katikati yupo mkalimani, programu ndogo inayoitwa draiva, naye anakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo ambacho wenyewe wanakiita kerneli. Mfumo wenyewe ni wa bure; watu wa dunia nzima wanautengeneza kwa kuchangiana, kama sisi tunavyochimba mfereji. Huyo mkalimani aliandikwa zamani na mtu asiyemjua, na kwa kuwa alikuwa anafanya kazi, hakuna aliyemgusa.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri hata nikaanza kula. Kwenye skrini kulikuwa na mstari unaotembea, na mimi nilikuwa naketi mbele yake kama watu wanavyoketi mbele ya tamthilia. Nikagundua jambo la kuniumiza. Maziwa yetu hayakuwa nne siku zote, hata kidogo. Asubuhi akina mama wakimimina mapya yanapanda mpaka tisa, kumi, halafu yanateremka taratibu, yanapita nne, yanakaa tatu na nusu. Mchana wa jua kali yanapanda kidogo. Umeme ukikatika yanapanda zaidi. Ile nne niliyoiamini ilikuwa inapatikana kwa kupita tu, nami nilikuwa nimeikuta njiani nikadhani inaishi pale.

Siku ya kumi na moja tangu Hans aondoke, saa nne asubuhi, mstari ukakatika.

Nilidhani umeme. Taa zinawaka. Nikangoja mpaka jioni, mstari haukurudi. Anande akaja, akachomoa adapta, akaichomeka tena, mstari ukarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake saa nne ukakatika tena. Keshokutwa tena. Kila mara mpaka mtu achomoe na kuchomeka, na mimi nina shamba, siwezi kulala na adapta.

"Ni draiva," alisema Anande siku ya kumi na tatu. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi. "Kuna kitu kinatokea kwenye waya. Sijui ni nini, lakini kikitokea, draiva inaandika hitilafu na kufunga mlango moja kwa moja. Vipimajoto viko hai. Hakuna anayeviita."

"Na mashimo haya matatu?" Nilimwonyesha skrini. Kulikuwa na shimo lenye urefu wa saa saba, jingine la saa tano na jingine la saa sita. Nilikuwa nimeyahesabu zaidi ya mara moja. "Hans akiyaona?"

"Atayaona."

Sasa nitasema nilichosema, kwa sababu nimeahidi moyoni kusema yote. Nilisema, "Mwanangu, lakini sisi tunajua yalikuwa baridi. Asubuhi yalikuwa baridi, jioni yamekutwa baridi. Hapo katikati si unaweza kuandika tu tatu na nusu?"

Anande alinitazama. Sikuona hasira.

"Naweza," akasema. "Ni dakika moja. Hata wewe unaweza, Mwalimu. Ni maandishi tu, faili ndiyo hii." Akanigeuzia kompyuta, akaweka kidole mahali shimo la kwanza linapoanza, akainuka. "Ngoja nikanawe mikono, muwa umeninata."

Bomba liko hatua ishirini kutoka ofisini. Sijui aliinawa mikono ile mara ngapi. Mimi nilikaa na kile kimstari kinachopepesa mwishoni mwa neno kikinisubiri, na nikaandika tatu. Nikaweka nukta. Nikaandika tano. Ilipendeza. Ilifanana kabisa na zile za juu na za chini yake, hakuna ambaye angejua, na hapo ndipo aibu iliponishika, maana hata ile nne ya Ijumaa ilikuwa imependeza. Nikafuta.

Anande aliporudi alitazama skrini, akanimegea muwa.

Kesho yake tukaamua kuvizia. Saa tatu na nusu tulikuwa tumeshajificha nyuma ya jengo la tangi, ukungu wa mlima ukiwa ndiyo kwanza unapanda na jua likianza kugusa bati. Saa nne kasoro dakika tano, mwizi wetu akatokea. Alikuwa Bibi Resiato na beseni kichwani.

Bibi Resiato ndiye mwanachama mkubwa kuliko wote kwa umri. Kwao ni upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, aliolewa huku tangu msichana. Kazi yake aliyojipangia mwenyewe ni kufua vitambaa vya kuchujia maziwa. Akatua beseni, akakunguta kitambaa cha kwanza, akakitupia juu ya waya wetu. Kisha cha pili. Vilikuwa kumi na kimoja, vibichi, vinadondosha maji, na waya ukalegea chini ya ukingo wa bati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Palikuwa na kiungo katikati. Anande alikuwa amekilehemu vizuri, lakini uzito ulikivuta na maji yakaingia.

Anande alitoka mbio. "Bibi, hapana! Bibi, huo waya..."

Bibi Resiato akageuka, akamtazama binti anayepiga kelele bila salamu. Akasema, "Takwenya."

Kwa Kimaasai, ambayo ndiyo lugha ya Waarusha pia, ndivyo mwanamke anavyosalimiwa, na jibu lake ni *iko*. Anande alikuwa anajua. Lakini alikuwa amekamata waya kwa mikono miwili na Kichaga kimeshaanza kumtoka.

Bibi akavuta pumzi. "Takwenya."

"Bibi, waya huu unapima..."

Bibi akavuta pumzi nyingine, ndefu, isiyo na haraka yoyote. "Takwenya," akasema, kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza.

"Iko," akasema Anande, ameishiwa nguvu.

"Eeh. Sasa sema."

Anande akasema yote. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuanika. Alituambia kamba yake ilichukuliwa siku nne zilizopita kufungia ndama, na kitambaa cha maziwa hakirudi kwenye kamba iliyofungia ndama. Kamba nyingine zote za hapa zimeanikwa suruali za watu. Upande wa barabarani kuna vumbi. Upande wa nyuma hakuna jua. Waya huu ni mpya, ni msafi, jua linaufikia saa nne kamili, na haujawahi kubeba suruali ya mtu yeyote. Kama tulikuwa hatutaki utumike, kwa nini tumeufunga mahali pazuri hivyo?

Siku hiyo hiyo Anande alinunua kamba mpya na kuifunga sambamba na waya. Bibi akaikagua, akainusa, akaikubali. Kamba ikabeba vitambaa saba. Vinne vikabaki kwenye waya, maana kamba ilikuwa fupi na Bibi alishaupenda waya. Anande akakizungushia kiungo tepu nyeusi, mashimo yakapungua, hayakwisha.

"Hamisha waya," nikamshauri.

"Nitauhamisha, Mwalimu. Halafu kuku atatua juu yake. Halafu panya. Waya wowote duniani kuna siku utaguswa." Alikuwa ameshika adapta kiganjani. "Waya kuguswa si kosa. Kosa ni mkalimani kukosa jibu mara moja na kususa mpaka kesho."

Hapo ndipo mimi nikasema kitu, na sikukisema kwa akili, nilikisema kwa kuudhika. Nilisema, "Mwalimu gani huyo? Mimi mtoto asipoitika naandika hayupo. Lakini asubuhi ya pili namwita tena. Sijawahi kumfuta mtoto kwenye daftari kwa kuchelewa siku moja. Na huyu Bibi hapa, umemwona? Amekuita mara tatu. Angekuita mpaka jioni."

Anande alinitazama kama anavyotazama kitu kibovu, yaani kwa mapenzi makubwa. Akaondoka bila kuaga.

Siku mbili tulimwona barazani tu, miguu kwenye beseni. Siku ya tatu akaja na draiva iliyorekebishwa. Sasa ikikosa jibu iliandika kwamba haikujibiwa, kisha ikaita tena. Tukamwomba Bibi aanike. Akaanika kwa madaha, kwa kuwa sasa ana watazamaji. Mstari ukakatika, na vitambaa vilipokauka, mstari ukarudi wenyewe. Shimo la saa sita likawa la dakika arobaini. Akina mama wakapiga vigelegele, ingawa nadhani wengi walikuwa wanampigia Bibi.

Kwa mtu mwingine ingeishia hapo. Anande akasema hapana: kama mkalimani anasusa hapa, anasusa pia kwa mwingine huko aliko, na mfereji ni wa wote. Basi akawatumia baruapepe wale wanaoutunza mfumo. Wana desturi zao. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja unaueleza mbele ya wote, na watu usiowajua wanausoma na kuubishia mpaka nukta. Ni kama mkutano mkuu wa kikundi chetu, ila bila soda.

Anayesimamia sehemu hiyo alikuwa mzee wa nchi fulani ya baridi. Anande alinitafsiria barua zao. Ya kwanza iliuliza: hitilafu hii inatokea katika mazingira gani?

Anande akajibu: vitambaa vibichi vya kuchujia maziwa vinapoanikwa juu ya waya.

Siku mbili zikapita. Kisha: je, haiwezekani kuvianika mahali pengine?

Anande akajibu: tumeomba. Bibi Resiato amekataa.

Siku moja ikapita. Kisha mzee akaandika kwamba ameelewa, kwa hiyo draiva ndiyo itakayobadilika. Ila akamkosoa. Alisema Anande anaita haraka mno, anaita na kuita bila kupumzika, kompyuta inachoka bure. Aweke nafasi kati ya wito na wito.

Anande akaguna. Mimi nikamwambia, "Bibi alivuta pumzi."

Akaweka pumzi ya sekunde kumi. Mzee akaridhika, akabakiza jambo moja tu. Desturi yao nyingine ni kwamba chini ya kila badiliko yanaandikwa majina: nani aligundua hitilafu, nani alipendekeza dawa, na mwisho aliyeandika anatia jina lake kuthibitisha kwamba kazi ni yake na ameitoa kwa haki. Hapo hakuna lakabu. Mzee alitaka majina kamili.

"Aliyegundua ni Bibi Resiato," Anande alisema. "Ameshakubali, ila ametaka niandike pia kwamba vitambaa vilikuwa safi. Aliyependekeza ni wewe. Nikuandike vipi, Mwalimu? Ruth Nanyaro?"

Nikamwambia asiniandike.

"Kwa nini?"

"Jina langu liko chini ya nne mia mbili za uongo. Usilipeleke huko kwa watu."

Hakunibembeleza. Alisema barua itasubiri, na kwamba mzee wa baridi haonekani kuwa mtu wa haraka. Nilivuka mfereji nikilia, na nilikasirika kwa kulia.

Siku ya thelathini Hans akaja, gambuti zile zile. Safari hii hakuna aliyenunua soda. Akina mama kumi na wanne walisimama mlangoni, Bibi Resiato akapewa kiti, na Anande akaketi nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kutengeneza taa. Katibu ni mimi, kwa hiyo ni mimi niliyekaa mbele ya skrini.

Hans aliutazama mstari siku kwa siku. Akauona unavyopanda kila asubuhi na kuteremka. Akafika siku ya kumi na moja.

"Hapa pana shimo."

"Ndiyo."

"Na hapa. Na hapa. Kila siku saa nne." Akaendelea. "Hapa mashimo yanakuwa madogo. Lakini bado yapo. Humu ndani ya mashimo maziwa yalikuwa na joto gani, Mwalimu?"

Nilijua wenzangu wote wanasubiri nitabiri.

"Sijui," nikasema. "Hayakupimwa."

Nikamweleza habari ya vitambaa, kamba, ndama, na mkalimani aliyesusa. Nilimweleza mpaka suruali. Hans alisikiliza, mdomo wake ukiwa na kazi ya kutocheka.

"Na hamkuweza kuyajaza haya mashimo? Ni maandishi tu haya."

"Tuliweza," nikasema. "Mimi niliachiwa kompyuta nikiwa peke yangu. Niliandika tatu na nusu, nikaifuta."

Sikuwa nimepanga kusema hilo. Nilisikia mtu nyuma akivuta pumzi. Sikugeuka.

Hans aliinuka, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye waya. Ilikuwa saa nne na vitambaa vilikuwa juu. Akashika kimoja, akakinusa, akamtazama Bibi Resiato kupitia mlangoni, akainamisha kichwa. Kisha akarudi akatuambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema ametengeneza jibini miaka kumi na nane, na tangi lenye nne siku zote ni tangi ambalo hakuna aliyelimiminia maziwa. Alisema siku ile ya kwanza, kabla hata hajafika kwenye Ijumaa, alishajua. Haya maziwa yanayopanda na kushuka, yenye mashimo na maelezo yake, anayaamini.

"Gari litakuja Jumatatu," akasema. "Na sasa naomba chai, kama ipo."

Chai ilikuwepo. Mama mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ndiye aliyekuwa akiniuliza habari za mvua, alinimiminia kwanza mimi, kabla ya mgeni. Nilikunywa ikiwa inaunguza kwa sababu sikujua niangalie wapi.

Wakati watu wanatawanyika nilimfuata Anande. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya ofisi, maana ameona tundu la umeme limelegea.

"Mwanangu," nikamwambia, "ile barua umeshaituma?"

"Bado, Mwalimu. Inasubiri."

"Andika. Ruth Nanyaro. Ruth ina h mwishoni."

Akaandika pale pale, kompyuta ikiwa juu ya gunia la pumba. Nikaisoma mistari mitatu ya mwisho mwenyewe. Aliyegundua, Resiato, pamoja na ubini wake. Aliyependekeza, Ruth Nanyaro. Na chini yake jina la Anande, lililothibitisha yote. Akabonyeza, ikaenda.

Nilibaki ofisini peke yangu. Nikatoa kaunta buku kabatini, nikaifungua kwenye ile wiki aliyokuja Hans mara ya kwanza. Zile nne zilikuwa zimejipanga vizuri, sikatai, mwandiko ni mwandiko. Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikaanza na Ijumaa jioni. Nikaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni nikaandika: haijapimwa.